Mashine ya kukuna nazi kutoka Tanga inagoma Ohio: ni umeme wa huku, transfoma au mashine yenyewe?

#1 BintiPongwe
Wakuu habari za leo. Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa pili. Nilivyorudi kutoka likizo Tanga nimebeba mashine ya kukuna nazi, zile za fundi wa kuchomelea: mota, shafti, kichwa cha meno mbele, na miguu minne ya chuma. Shangazi yangu ameitumia miaka kwenye biashara yake ya vitumbua, akanipa zawadi. Kilo zote za begi la pili ziliishia hapo, nguo nikaziacha.

Kwenye kibati cha mota pameandikwa 220V, 50Hz, 370W, na 1400 ambayo nadhani ni mizunguko kwa dakika.

Siku ya kwanza nilichomeka kwa adapta tu. Ikanguruma kama paka aliyebanwa na mlango, haikuzunguka hata robo. Nikachomoa mbio. Nikaambiwa nitafute transfoma ya kupandisha umeme, nikanunua mtandaoni. Sasa ikiwa tupu inazunguka vizuri, tena naiona kama ina kasi kuliko ilivyokuwa Tanga. Ila nikiibana nazi kwenye meno inapunguza mwendo, inanguruma, na baada ya nazi mbili boksi la transfoma haligusiki kwa moto. Jana limetoa harufu.

Jumamosi ijayo nina tenda ya wali wa nazi wa harusi, watu 80. Tatizo ni nini? Blenda niliyokuja nayo inafanya kazi kwenye transfoma hiyohiyo bila neno. Pasi sijaijaribu.

#2 Kibatari
Nimekaa siti ya mbele na kashata yangu. Ngoja waje mafundi.

#3 FundiWaya
Dada, kwanza pasi usiijaribu kwenye hiyo transfoma. Nisikilize hapo hata kama hutasoma mengine.

Pili, adapta haibadilishi umeme. Inabadilisha sura ya plagi tu, ni kama kuvaa koti la mtu mwingine. Huku kwetu soketi inatoa volti 230 kwa hezi 50, yaani umeme unageuka mizunguko 50 kwa sekunde. Huko Marekani ni 120 kwa hezi 60. Kitu cha 220 ukikipa 120 kinapata nusu ya volti, na nguvu haishuki nusu, inashuka kwa mraba, inabaki kama robo. Birika la wati 2000 hapo kwako litakuwa la wati 540 hivi. Chai itachemka, lakini uwe umeshaanika nguo na kuzianua. Mota ni balaa zaidi, kwa sababu ikishindwa kuanza kuzunguka inavuta umeme mwingi na kuugeuza joto. Ule mngurumo wa siku ya kwanza ulikuwa koili zinapikika. Umefanya vizuri kuchomoa.

Swali: hiyo transfoma imeandikwa wati ngapi?

#4 NgalawaMbili
Salaam kutoka Muscat. Mimi yangu nilitoka nayo Unguja, nikafika hapa nikachomeka. Mwisho wa hadithi. Omani ni 240 hezi 50, plagi ileile ya pini tatu bapa. Mnaokimbilia Marekani mna kazi.

#5 Kibatari
@NgalawaMbili hata ile ya kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie bado mnayo huko?

#6 NgalawaMbili
Kalamu ipo, tena tumeifunga kwa uzi pembeni ya soketi ili isipotee.

#7 FundiWaya
Mnacheka, ila lile tundu la juu lina maana yake. Pini ya ethi, ile ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, ni ndefu kuliko wenzake, ikiingia ndiyo inafungua vilango vya matundu mawili ya chini. Imewekwa hivyo ili mtoto asiingize msumari. Sisi tumempa mtoto kalamu.

#8 BintiPongwe
@FundiWaya ubavuni imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Pasi nimeiacha, ahsante.

#9 FundiWaya
Basi jibu umelishika mkononi. Hizo wati 370 za kibati ni nguvu inayotoka kwenye shafti, ndiyo nusu farasi. Kinachoingia kutoka kwenye waya ni zaidi, 500 na ushee, na wakati wa kuanza mota huvuta mara kadhaa ya hapo. Transfoma ya 500 inabebeshwa kuliko mgongo wake. Chukua ya 1500 kwenda juu. Ni nzito kama nusu ndoo ya maji, lakini utalala usingizi.

#10 Mzee_wa_Hezi
Naona watu wanakimbilia wati na kusahau hezi. Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mashine ya hezi 50 umeipeleka kwenye 60. Ndiyo maana mwenyewe kasema inakimbia kuliko Tanga. 1400 inakuwa karibu 1700. Mota inazungushwa kwa kasi ambayo haikuzaliwa nayo, lazima ichemke. Transfoma kubwa itachelewesha msiba tu.

#11 FundiWaya
Hapo umegeuza mzee wangu. Kutoka 50 kwenda 60 ndiko kwepesi. Kubaya ni kutoka 60 kuja 50, kwa sababu chuma cha ndani kinalemewa na sumaku na koili zinavuta umeme wa bure. Kwenda juu, mota inapoa kidogo kwa feni yake kukimbia.

#12 Mzee_wa_Hezi
Inapoa ikiwa tupu! Ikiwa na nazi je? Meno yanapita kwa kasi zaidi, yanang'oa zaidi kila sekunde, kazi inaongezeka. Kazi ikiongezeka umeme unaongezeka. Usinifundishe kukuna nazi, mimi ni wa Pangani.

#13 Mwana_wa_Likoni
Nina mfano hai. Nilifanya kazi Jeddah miaka sita. Saudia ni hezi 60, na nyumba za zamani utakuta soketi ya 127 na ya 220 ukuta mmoja, usipoangalia unachoma simu ya bosi. Mashine yangu ya nazi niliitoa Mombasa, nikaichomeka kwenye 220 ya kule bila transfoma yoyote. Miaka sita, Ramadhani sita, haikuchemka. Stima ilikuwa hezi 60 hiyohiyo. Kwa hiyo hezi siyo mchawi.

#14 Mzee_wa_Hezi
Yako ilikuwa na mota gani? Kama ni ya brashi kama ya blenda au drili, hiyo haijali hezi, hata betri ingeizungusha. Ndiyo maana na blenda ya Binti inakubali.

#15 Mwana_wa_Likoni
Sijawahi kuifungua tumboni. Ilikuwa inakuna, mimi nakula.

#16 KinyoziSinza
Kuhusu hezi, Mzee asidharauliwe. Kaka yangu aliniletea mashine ya kunyolea kutoka Atlanta, ile ya sumaku inayotetema, ya 120 hezi 60. Nikanunua transfoma ya kushusha, volti nikapima mwenyewe, 118, safi kabisa. Kuwasha, mashine inapiga kelele kama bajaji imekosa oili na inang'oa nywele badala ya kukata. Mteja wa kwanza alinyanyuka kwenye kiti na kitambaa shingoni, akaniacha. Fundi mmoja hapa jirani akanieleza kuwa sumaku hiyo huvuta mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme, kwa hiyo Marekani inatetema mara 120 kwa sekunde, huku ni 100, na springi yake imepimwa kwa ile 120. Tukacheza na skrubu ya pembeni mpaka kelele ikapungua. Inanyoa, ila siyo ile niliyoiona kwenye video.

#17 Mzee_wa_Hezi
Ahsante kinyozi. Nimelala na ushindi.

#18 FundiWaya
Mashine ya kutetema na mota ya kuzunguka ni watoto wa mama tofauti. Lala tu.

#19 Kurudi_Nyumbani
Mimi nilifanya kinyume. Miaka tisa Houston, narudi Dar nikapakia kontena: maikrowevu, mashine ya kukandia unga, taa za mezani, televisheni mbili, saa za ukutani. Nilijiona mjanja kwa sababu nilinunua na transfoma tatu za kushusha.

Taa, sawa, nilibadilisha balbu tu. Mashine ya unga inakubali mpaka leo. Televisheni zinawaka bila hata transfoma, nyuma pameandikwa 100-240V, lakini king'amuzi chake cha ndani ni cha mfumo wa Marekani, chaneli za hapa hakizioni hata moja. Inabidi uweke kisimbuzi na waya wake, ndipo inakuwa televisheni.

Maikrowevu sasa. Inapasha, lakini inanguruma kama mashine ya kusaga Manzese, na saa yake ya mbele inachelewa dakika 10 kila saa, maana inahesabu mitetemo ya umeme na huku mitetemo ni michache. Mke wangu alikuwa mgeni na hilo. Ramadhani ya kwanza akawa anaangalia saa ya maikrowevu kupanga futari. Aliiweka sawa asubuhi. Jioni adhana inalia, yeye ndiyo kwanza anakata vitunguu, ananiambia msikiti umewahi.

#20 Kibatari
"Msikiti umewahi." Nimemwaga chai kwenye shuka.

#21 NgalawaMbili
@Kurudi_Nyumbani na transfoma zenyewe unaziacha zimechomekwa?

#22 Kurudi_Nyumbani
Mwanzoni ndiyo. Nikashangaa uniti za LUKU zinaisha mapema, nikamlaumu kijana wa pasi. Kumbe transfoma hata usipoiwekea kitu inakula kidogokidogo usiku kucha, ukiigusa ina uvuguvugu kama kuku anayeatamia. Sasa nachomoa zote kabla ya kulala.

#23 SakuraIlala
Niko Fukuoka. Naomba nisahihishe wanaodhani 120 ndiyo ya chini kabisa. Japani ni volti 100. Tena nchi moja ina hezi mbili: huku magharibi ni 60, Tokyo na upande wake wa mashariki ni 50. Sababu ni ya tangu mwisho wa karne ya 19, Tokyo walinunua majenereta Ujerumani, Osaka wakanunua Marekani, na mpaka leo hawajapatana. Ndiyo maana vifaa vingi huku vinaandikwa 50/60 kabisa. Mwanafunzi mwenzangu wa kutoka Mwanza alikuja na heta ya kuchovya kwenye ndoo ya maji. Kwa volti 100 ilikuwa inaogelea tu.

#24 Kibatari
Kwa hiyo hao Wajapani ndio waliotufanya redio za magari yetu ziishie 90?

#25 SakuraIlala
Hiyo ni nyingine, masafa ya FM. Huku redio zilianzia 76 na kuishia 90, baadaye wakasogeza mpaka 95. Gari likifika Dar stesheni nyingi ziko juu ya hapo. Ndiyo unafungiwa kale kaboksi ka kusogezea.

#26 Kibatari
Kale kaboksi kangu kananiletea mahubiri na singeli kwa pamoja.

#27 Mjukuu_wa_Edisoni
Turudi kwenye mada. Kwa wanaojiuliza kwa nini Marekani wamebaki na umeme "mchanga": siyo kwamba wanabana. Edison alipofungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882, alipanga volti 110 hivi kwa sababu taa za wakati ule zilitaka hivyo. Nyumba zikajaa vifaa vya volti hizo, kubadilisha ikawa ghali. Berlin wakahama mapema kwenda 220 ili waokoe shaba ya nyaya, Ulaya ikafuata, na sisi tukarithi kwa waliotutawala.

Na msidanganyike kwamba Marekani hakuna 240. Ipo kila nyumba. Nyaya mbili za 120 zinaingia, ukizichukua zote mbili unapata 240. Jiko la umeme na mashine ya kukaushia nguo vinatumia hiyo. Binti, nyuma ya kikaushio chako kuna soketi kubwa. Tengeneza waya, chomeka mashine yako hapo, transfoma tupa.

#28 FundiWaya
Jamani USIFANYE HIVYO. Ile soketi breka yake, swichi inayokata umeme ukizidi, ni ya ampia 30. Mashine yako inavuta ampia 3. Ikikwama, waya wake mwembamba utawaka moto huku breka inatazama. Halafu kule waya zote mbili zina umeme. Swichi ya mashine ya shangazi nina hakika inakata waya mmoja. Ukizima, mashine inasimama lakini mwili wake ndani bado una umeme. Unakwenda kusafisha meno kwa kitambaa kibichi... sitaki kuendelea.

#29 Mjukuu_wa_Edisoni
Binamu yangu Minneapolis anachemshia birika lake la Nairobi hivyo, mwaka wa nne.

#30 FundiWaya
Msalimie binamu. Mwambie aandike wosia.

#31 BintiPongwe
Nimesoma yote, nimecheka na nimeogopa. Kikaushio chenyewe ni cha mwenye nyumba, sitakigusa. Nimeazima kipima volti kwa jirani. Matokeo: mashine ikiwa tupu, transfoma inatoa 226. Nikibana nazi inashuka mpaka 171.

Nimeigeuza transfoma chini kuna kibandiko kidogo cha karatasi, kimeandikwa kwamba 500 ni kwa muda mfupi, kwa mfululizo ni 300.

#32 FundiWaya
Mungu mkubwa. Mia tatu! Hiyo ni ya redio. Kwa 171 mota inabaki na nguvu kama sita kwa kumi, na inazidi kuvuta umeme kufidia. Kesi imefungwa.

#33 Dada_wa_Bremen
Haijafungwa. Binti, transfoma umeichomeka wapi? Ukutani moja kwa moja au kwenye ekstensheni? Mimi niliteseka na mashine ya cherehani, kumbe kosa ni ekstensheni nyembamba niliyonunua duka la vitu vya bei moja. Na kwenye 120 ampia ni karibu mara mbili ya zile za 230, kwa hiyo waya mwembamba unaumia zaidi.

#34 BintiPongwe
Ekstensheni. Ya mita kama kumi hivi, kutoka sebuleni.

#35 Dada_wa_Bremen
Kutoka sebuleni kwenda jikoni? Jikoni kwako hakuna soketi?

#36 BintiPongwe
Zipo. Ila ya jikoni ina vile vitufe viwili, TEST na RESET, na mashine ikikuna kidogo kile kitufe kinaruka, umeme unakata. Nikaona soketi ya jikoni ni mbovu, nikavuta ya sebuleni.

#37 FundiWaya
Subiri.

#38 FundiWaya
Dada, hiyo soketi siyo mbovu. Imewekwa karibu na sinki makusudi. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ukipungua hata kiasi kidogo sana inajua unavuja pengine, labda kwa kupitia mwili wa mtu, inakata. Kama inaruka mashine ikikuna, inawezekana mashine inavujisha. Jibu kwa ukweli: nyumbani Tanga iliwahi kuwapiga shoti?

#39 BintiPongwe
Kupiga hapana. Ilikuwa inasisimua vidole tukiwa peku. Shangazi alikuwa anasema ni kawaida yake, vaa ndala.

#40 Kibatari
VAA NDALA.

#41 NgalawaMbili
Hapa ndipo ninapoukubali uhandisi wa wanawake wa pwani. Kinga ya umeme: ndala.

#42 Dada_wa_Bremen
Na kule waya wake ulikuwa wa nyuzi mbili, sivyo? Hakuna ethi. Umeme ulikuwa hauna njia ila vidole vyenu. Hapo Ohio umeweka plagi ya pini tatu?

#43 BintiPongwe
Ndiyo, mume wangu alibadilisha waya, akafunga na ule wa kijani kwenye mwili wa mashine. Alijua anafanya vizuri.

#44 FundiWaya
Kafanya vizuri sana. Ndiyo maana ule uvujaji sasa unaonekana. Mota hiyo miaka yote inanyunyiziwa tui, na hewa ya chumvi ya Tanga juu yake. Varnishi ya koili imeliwa. Huenda hata joto linatoka huko: koili zinagusana ndani, mota inavuta zaidi ya inavyostahili, transfoma inabeba lawama.

#45 Mzee_wa_Hezi
Tazama sasa anavyohama. Juzi ilikuwa transfoma, "kesi imefungwa". Leo koili.

#46 FundiWaya
Mgonjwa akitaja dalili mpya daktari anabadilisha dawa. Wewe una dawa moja toka namba 10.

#47 Mtungi_wa_Maji
Mimi natengeneza pampu Morogoro. Hamjagusa kapasita. Mota za fezi moja nyingi zina kile kikopo pembeni cha kuisaidia mota kuanza na kuzunguka. Kikichoka, mota ikiwa tupu inazunguka vizuri kabisa, ukiipa kazi inalegea na kunguruma. Dalili zenyewe ndizo hizo neno kwa neno. Na kimesafiri kwenye begi, wapakiaji wa ndege mnawajua. Kinauzwa bei ya soda mbili tatu, badilisha hicho kwanza kabla hujanunua transfoma ya kubeba na toroli.

#48 Dada_wa_Bremen
Jaribu kwanza bila ekstensheni. Ni bure.

#49 BintiPongwe
Nimejaribu, soketi nyingine ya ukutani, siyo ya sinki, nimevaa ndala (msicheke). Ikiwa tupu 227. Ikiwa na nazi 188. Kwa hiyo imepanda kidogo, na nazi ya kwanza imekwenda vizuri. Ya tatu ikaanza tena uvivu. Transfoma moto vilevile.

#50 Dada_wa_Bremen
Volti 17 zilikuwa zinaliwa na ekstensheni. Naomba ushindi wangu mdogo.

#51 Mama_Ntilie_Dallas
Wanangu, mmeongea umeme siku nne, hakuna aliyeuliza nazi. Nazi gani hizo? Kama ni zile za dukani za kahawia zilizokaa melini na kwenye baridi, nyama yake ni ngumu na kavu, siyo nazi ya Pongwe iliyoanguka juzi. Mimi yangu ya mkono tu, meno yanateleza. Loweka vifuu kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kukuna. Mashine itapumua.

#52 Kibatari
Sasa tuna hezi, wati, ekstensheni, koili, kapasita na nazi yenyewe. Bado kijicho tu.

#53 SakuraIlala
Swali la kijinga: kwa nini usinunue nazi iliyokunwa ya kugandishwa kwenye maduka ya Wahindi? Au tui la kopo?

#54 BintiPongwe
Bibi harusi ni wa Mkwajuni, mama yake amekuja kutoka nyumbani. Kaniambia kwa mdomo wake, "Mwanangu, tui la kopo nitalijua kabla sijaketi." Ile ya kugandishwa nimenunua paketi mbili za akiba, naomba isitoke humu.

#55 Mama_Ntilie_Dallas
Changanya nusu kwa nusu, tui la kwanza liwe la nazi mbichi, limimine mwisho wali ukishakauka. Hatajua. Nimeshapitisha mama wakwe watatu.

#56 Mjukuu_wa_Edisoni
Wengine wanaosoma kabla ya kusafiri: simu, kompyuta mpakato, mashine za kuchajia za kisasa, soma maandishi madogo. Ukiona 100-240V, 50/60Hz, beba na adapta tu. Chochote chenye joto, yaani pasi, birika, jiko, kikausha nywele, acha kwa mdogo wako, kanunue huko. Kuna na vile vibadilishaji vyepesi vinavyojisifu wati 2000 na vinaingia mfukoni, hivyo vinakata umeme vipandevipande, vinafaa vya joto tu, ukivipa kitu cha elektroniki unakiua. Na plagi ya Uingereza ina fyuzi ndani, kifaa kidogo weka ya ampia 3, kikubwa 13, siyo kila kitu 13.

#57 NgalawaMbili
Umeanza vizuri kuliko ulivyokuwa namba 27.

#58 BintiPongwe
Mrejesho. Harusi imepita. Ijumaa mashine ilikuna nazi tisa kwa kupumzika dakika kumi kila baada ya mbili, feni ya mezani inapuliza transfoma, vifuu vimelowekwa. Ya kumi fyuzi ya transfoma ikakata, na sikuwa na nyingine. Saa nne usiku mume wangu kaendesha mpaka kwa mama mmoja wa Kipemba upande wa pili wa mji, kaazima mbuzi ya mbao ya kukalia. Nazi zilizobaki tumekuna kwa zamu, mimi, mume wangu na mama wa bibi harusi mwenyewe, aliyekuja kuona kazi inaendaje akaishia kuvua bangili. Wali umesifiwa. Paketi za kugandishwa sikuzifungua.

Kapasita nimeagiza, sijaifunga. Transfoma kubwa sijanunua. Shangazi nimempigia, kasema Tanga hata siku moja haikusumbua.

#59 Mzee_wa_Hezi
Tanga ni hezi 50.

#60 FundiWaya
Tanga kuna ndala.

#61 Mtungi_wa_Maji
Ukifunga kapasita leta jibu. Kabla ya kuigusa ile ya zamani hakikisha umechomoa, na uitoe umeme wake kwanza, inaweka akiba.

#62 Mgeni_Ohio
Habari zenu, ni mpya humu, nimehamia Cincinnati wiki iliyopita. Dada, hiyo transfoma ndogo kama huitaki unaiuza? Nina pasi nimetoka nayo Kahama.

#63 Kibatari
Namba 3, kaka. Anzia namba 3.